Herufi Hizi ni za Nani? Kutambua Bakteria Katika Vinasaba vya Binadamu

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu awe na ubao na chaki. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu.)

Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa Kwashemshi, katika Korogwe, kwa sababu somo hili limetoka kwao. Mama mmoja wa darasa hilo aliuliza swali, nami nikaona si vema kulijibu kwa maneno mawili matatu. Aliuliza hivi: "Mwalimu, watu wa utafiti wakichukua damu yangu, kisha wakaniambia wamesoma ndani yake kitu fulani, nitajuaje kwamba kitu hicho ni changu mimi, wala si cha chupa yao?"

Hilo ni swali kubwa. Wataalamu wenye maabara kubwa duniani wameliuliza swali hilo hilo, na mara nyingine wamechelewa kuliuliza, wakapata aibu. Basi leo tutajifunza namna wanavyolijibu.

Watu wa Korogwe si wageni wa mambo haya. Tangu mwaka 2009 hata 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo wapewe watoto wa mahali penye malaria nyingi. Wazazi wa Korogwe walioruhusu watoto wao watiwe katika kazi ile wana sehemu yao katika jambo hilo. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za mbali. Tunazungumza habari za tone la damu linalotoka kidoleni mwa mtoto wako.

Tuanze na jambo mnalolijua. Umekwenda kwenye mashine ya kusaga na debe lako la mahindi. Mbele yako alikuwapo mtu aliyesaga muhogo. Mashine haikupanguswa. Unga wako wa kwanza unapotoka, je, ni wa mahindi peke yake? Hapana. Umechanganyika na wa muhogo uliobaki katika mashine. Sasa mtu asiyejua akiuchukua unga ule wa kwanza, akauonja, akasema, "Shamba la mama huyu limeota mahindi yenye ladha ya muhogo," atakuwa amekosea. Ladha ile ni ya kweli, lakini haikutoka shambani kwako. Imetoka katika mashine.

Shikeni mfano huo. Somo lote la leo limo ndani yake.

Vinasaba ni nini? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, nyingi zisizohesabika. Ndani ya chembe hizo mna maandishi yaliyorithiwa kwa baba na mama. Maandishi hayo ndiyo vinasaba, na watu wengi huviita kwa herufi tatu, DNA. Nyinyi mmejifunza herufi za Kiswahili, nanyi mwajua zilivyo nyingi. Herufi za vinasaba ni nne tu. Mwalimu, tafadhali ziandike ubaoni kubwa kubwa: A, C, G, T.

(Mwalimu aandike. Wanafunzi wazinakili.)

Kwa herufi hizo nne imeandikwa habari ya kila kiumbe chenye uhai: mtu, mbuzi, mkonge, mbu, na hata bakteria, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana ila kwa darubini. Kitabu cha mtu kina herufi kama bilioni 3. Kitabu cha bakteria ni kidogo. Bakteria mmoja anayekaa matumboni mwetu, jina lake Escherichia coli, ana herufi kama milioni 4 na nusu. Walakini herufi ni zile zile nne. Hapo ndipo taabu inapoanza. Ukiona G katika orodha, haina rangi wala harufu ya kukuambia kama ni G ya mtu au G ya kijidudu.

Tena mashine za kusoma vinasaba nyingi hazisomi kitabu kizima kwa mara moja. Vinasaba hukatwa vipande vidogo vidogo, vingi vikiwa na herufi mia moja au zaidi kidogo, mashine ikasoma kila kipande, kisha kompyuta ikaviunga. Ni kama mtu aliyechana gazeti vipande elfu, akavitia kapuni, akakuambia ulirudishe kama lilivyokuwa. Kama kapuni mlikuwa na vipande vya gazeti jingine, utavishona pamoja bila kujua.

Sasa tuone vipande vya kigeni huingia kwa njia gani. Nitataja njia tatu.

Njia ya kwanza ni mtu mwenyewe. Ngozi yetu ina bakteria wake, na kinywa chetu kina wake. Sindano ikipita katika ngozi isiyosafishwa barabara, bakteria wa ngozi huingia katika damu ndani ya chupa. Na mfanyakazi akizungumza juu ya chombo kilicho wazi, mate yake, japo hayaonekani, hutua humo.

Njia ya pili ni dawa na vyombo. Maabara hununua maji, dawa na vichupa vilivyofungwa vizuri. Twadhani kitu kilichofungwa ni safi. Vijidudu vilivyomo vimekufa, lakini maandishi yao yamebaki, kama vile mtu aliyekufa huacha barua zake sandukuni. Kuua vijidudu peke yake hakufuti maandishi yao.

Njia ya tatu ni ya ajabu kidogo, maana bakteria alialikwa na wataalamu wenyewe. Katika miaka ya 1980 na 1990, mtaalamu akitaka kupata nakala nyingi za kipande cha vinasaba vya mtu, alikiingiza ndani ya huyo Escherichia coli. Bakteria huyu akipata chakula chema na joto linalomfaa, wingi wake huwa maradufu kwa muda wa dakika 20 hivi, na kila azaapo hunakili kipande alichopewa. Mkusanyo wa bakteria hao, kila mmoja ameshika kipande chake, uliitwa maktaba, kwa kuwa ulikuwa kama nyumba ya vitabu. Bakteria alikuwa kama karani aliyeajiriwa kunakili. Lakini karani huyu naye ana maandishi yake mwenyewe, na alipotolewa yale ya mtu, mara nyingine yake pia yalitoka pamoja nayo, yakaandikwa katika orodha kwa jina la binadamu.

Sasa nitawapa habari moja ya kweli, ambayo jirani zetu wamo.

Mwaka 2008 ulianza mradi mkubwa wa mataifa mengi ulioitwa Mradi wa Jenomu 1000. Jenomu maana yake ni kitabu kizima cha vinasaba vya kiumbe. Mradi ulipokwisha mwaka 2015, walikuwa wamesoma vinasaba vya watu 2,504 wa jamii 26. Miongoni mwao walikuwapo Waluhya wa Webuye, katika magharibi ya Kenya. Maandishi hayo yaliwekwa wazi, mtu yeyote duniani mwenye kompyuta ayasome na kuyatumia. Kwa hiyo ni maktaba kweli kweli.

Sasa fikirini: damu haikai milele. Basi kwa watu wengi wa mradi huo, chembe nyeupe za damu zilifugwa. Zilitiwa katika vyombo vyenye chakula cha majimaji, zikafanywa ziishi na kuongezeka mwaka hata mwaka, zikatunzwa katika Taasisi ya Coriell, mjini Camden, jimbo la New Jersey, Marekani. Ni jambo la maana sana, kwa sababu mtu hasumbuliwi kila mara kutoa damu. Lakini kila mfugaji anajua kwamba penye zizi pana kupe.

Kupe wa chembe zinazofugwa ni bakteria aitwaye mikoplasma. Alionekana mara ya kwanza katika chembe za namna hii mwaka 1956. Mikoplasma ni mwizi hodari, kwa sababu tatu. Kwanza, hana ukuta wa nje kama bakteria wengine, na dawa ya penisilini huua kwa kuharibu ukuta huo, basi haimwezi. Pili, ni mdogo na laini, hupenya katika chujio linalowazuia wengine. Tatu, hata akiwa mamilioni, maji hayageuki kuwa ya ukungu, na mfanyakazi akitazama kwa macho huona chombo safi. Hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kinywani mwa wafanyakazi wenyewe, au katika majimaji ya damu ya ndama yanayotumika kuwa chakula cha chembe.

Mwaka 2014 mtaalamu mmoja wa kompyuta nchini Uingereza, W. B. Langdon, alitangaza kazi aliyoifanya juu ya maktaba ile. Alichukua vipande bilioni 50 vya Mradi wa Jenomu 1000, akavilinganisha na vitabu vya mikoplasma. Akaona kwamba vipande vingine si vya binadamu hata kidogo, ni vya mikoplasma. Kwa hesabu yake, angalau sampuli 7 katika kila 100 zilikuwa zimechafuliwa.

Angalieni neno hili vizuri. Hakusema kwamba watu waliotoa damu walikuwa na ugonjwa. Uchafu haukuwa habari ya watu, ulikuwa habari ya maandishi. Lakini mtu mwingine asiyejua angeweza kuyasoma maandishi hayo akasema, "Watu hawa wana kitu cha ajabu katika vinasaba vyao." Ndiyo kusema shamba la mama limeota mahindi yenye ladha ya muhogo.

Haya, sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Taka hizo hutambuliwaje? Nitawaeleza njia nne. Mwalimu, andika ubaoni moja, mbili, tatu, nne, na mbele ya kila tarakimu uandike jina la njia nitakalolitaja.

Njia ya kwanza ni kulinganisha. Kompyuta huchukua kipande, ikakitafuta katika kitabu cha binadamu, kisha ikakitafuta katika vitabu vya bakteria. Kama kimo katika cha bakteria, nacho hakimo katika cha binadamu, kinatengwa. Lakini urefu wa kipande una maana. Nikikuonyesha neno "na", ukaniambia limo katika kitabu fulani, hujanieleza kitu, maana "na" imo katika kila kitabu. Nikikuonyesha sentensi nzima, hapo tunaweza kusema imetoka wapi. Hesabu yake ni hii. Ukiandika herufi 5 za vinasaba kwa kubahatisha, zaweza kupangwa kwa namna 1,024 tu, basi ni rahisi zifanane. Ukiandika herufi 20, namna zake zapita trilioni moja. Kufanana kwa mstari mrefu hivyo ni vigumu kuwe kwa bahati.

Tena si kila mstari mrefu ni ushahidi. Mtoto mvivu akijaza daftari kwa kuandika a a a a a, daftari lake litafanana na la kila mtoto mvivu. Katika vinasaba pia mna mahali penye herufi zinazorudiwa namna hiyo. Mtaalamu mwangalifu hahukumu kwa mistari ya namna hiyo.

Njia ya pili ni kuhesabu herufi. Kwanza niwaulize: mkisikia jina la mwanamume linaloanza na She-, mnadhani ametoka wapi? Wengi mtasema ni wa huku kwetu, Msambaa au Mzigua. Hata jina Kwashemshi lina herufi hizo ndani yake. Mkisikia jina linaloanza na Mwaka-, mtasema labda ni wa kwa Wanyakyusa. Hamjamwona mtu mwenyewe, mmetambua kwa mazoea ya herufi tu. Vinasaba navyo vina mazoea yao. Katika kitabu cha binadamu, kila herufi 100, kama 41 ni G au C. Katika Escherichia coli ni kama 51. Katika mikoplasma wengi ni chache, kama 25 hadi 32 tu.

Sasa tufanye zoezi. Hii ni mistari miwili niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya kujifunza. Mwalimu, iandike.

Mstari wa kwanza: A C G T T G C A A G C T T A C A G T T A

Mstari wa pili: A T T A C T G A T A A T T C A A G T G A

(Redio itanyamaza kidogo. Kila mwanafunzi apige mstari chini ya kila G na kila C, kisha ahesabu.)

Mmepata ngapi? Mstari wa kwanza una herufi 20, na G na C ni 8. Hizo ni kama 40 katika 100. Mstari wa pili nao una 20, lakini G na C ni 5 tu, yaani 25 katika 100. Mstari wa kwanza waelekea mazoea ya binadamu, wa pili waelekea mazoea ya mikoplasma. Je, tumekwisha thibitisha? La, hasha. Herufi 20 ni chache, tena ndani ya kitabu cha binadamu mna mahali penye G na C chache. Mtu mwenye jina la She- aweza kuwa amezaliwa Mbeya. Hesabu hii ni dalili ya kutushtua, ili turudi kulinganisha vizuri. Kompyuta hufanya zoezi hili mlilolifanya sasa hivi, ila kwa mamilioni ya mistari.

Njia ya tatu ni sampuli tupu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo husahauliwa upesi. Mtaalamu huchukua maji masafi yasiyo na damu ya mtu yeyote, akayapitisha katika dawa zile zile, vyombo vile vile, mashine ile ile. Kitakachosomwa katika maji hayo hakikutoka kwa mgonjwa, maana mgonjwa hayumo. Kimetoka katika maabara. Ni kama kuiwasha mashine ya kusaga bila mahindi ndani yake, ukaona ni unga gani unaoanguka.

Mwaka 2014 huo huo, watafiti wa Uingereza walionyesha jambo hili vizuri. Walichukua bakteria wa aina moja tu wanayemjua, Salmonella bongori, wakamzimua kwa maji, tena na tena, mpaka akawa kidogo kabisa, wakasoma vinasaba vya kila hatua. Bakteria wao alipokuwa mwingi, walimwona yeye. Alipokuwa kidogo, wakaona umati wa bakteria wengine ambao hawakuwatia. Walikuwa wametoka katika dawa za kutolea vinasaba. Taka hazikuongezeka, ila kitu chenyewe kilipungua. Ukimwaga chumvi kijiko kimoja katika sufuria kubwa ya mchuzi, hutaisikia sana. Kijiko kile kile ukikimwaga katika kikombe, kinywa kitakataa. Kwa hiyo sampuli ndogo, kama tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, yahitaji uangalifu zaidi.

Njia ya nne ni kutazama mshono na kurudia. Chukua kitabu chako cha kusoma. Ukikuta ndani yake ukurasa wa kitabu kingine, tazama kama umeshonwa pamoja na kurasa nyingine au umebanwa tu. Ikiwa ni kweli kipande cha bakteria kimo katika vinasaba vya mtu, basi patakuwapo mahali ambapo maandishi ya mtu yanaishia na ya bakteria yanaanza, katika mstari mmoja, tena si mara moja bali mara nyingi. Kama hapana mshono, kipande kile ni karatasi iliyobanwa. Kisha, damu nyingine ya mtu yule yule ichukuliwe siku nyingine, isomwe kwa dawa za sanduku jingine, na ikiwezekana katika maabara nyingine. Kilicho cha mtu humfuata mtu. Kilicho cha sanduku hubaki na sanduku.

Ndugu zangu, hapa nataka kuwaonya juu ya kosa la upande wa pili. Mtu akikwisha kujifunza habari za taka, huanza kuona kila bakteria ni taka. Hilo nalo ni hatari. Muheza si mbali na Korogwe. Mwaka 2006 na 2007, katika Hospitali Teule ya Muheza, watafiti walipima damu za watoto zaidi ya 3,000 waliolazwa. Walitia damu katika chupa zenye chakula cha bakteria, wakangoja waone kitakachoota. Watoto wengi walikuwa na malaria, lakini wengine walikuwa na bakteria wa kweli katika damu, na bakteria hao huua. Katika kazi kama hiyo, daktari hana budi kutenganisha: huyu ni bakteria wa ngozi aliyeingia na sindano, na huyu ni bakteria anayemwua mtoto. Akimwita mgeni kuwa ni ugonjwa, mtoto atapewa dawa bure. Akiuita ugonjwa kuwa ni taka, mtoto atakufa. Kwa hiyo hatutupi kila kilicho cha bakteria. Tunauliza kimetoka wapi.

Na hasara ya kutouliza ni kubwa. Mwaka 2020, watafiti wa Marekani walitangaza katika jarida mashuhuri la Nature kwamba kila aina ya saratani ina vijidudu vyake, na kwamba kwa kusoma vinasaba vya vijidudu hivyo, hata katika damu, saratani ingeweza kutambuliwa. Watu walifurahi, na watafiti wengine wakajenga kazi zao juu ya maneno hayo. Mwaka 2023 wataalamu wengine waliirudia hesabu. Wakakuta kwamba mamilioni ya vipande vilivyoitwa vya bakteria vilikuwa vya binadamu. Sababu moja ilikuwa kwamba vitabu vya bakteria katika maktaba vilikuwa vimechafuliwa kwa vinasaba vya binadamu, na mwenye kulinganisha na kitabu kichafu hupata jibu chafu. Mwaka 2024 jarida likaiondoa makala ile. Fikirini mgonjwa wa saratani aliyekuwa ameweka tumaini lake hapo.

Mwaona, basi, kwamba taka huenda pande zote mbili. Bakteria huingia katika kitabu cha mtu, na mtu huingia katika kitabu cha bakteria. Na kosa likikwisha kuwekwa maktabani, hunakiliwa na kila ajaye. Kwetu Afrika jambo hili lina uzito wake. Vitabu vya vinasaba vya Waafrika katika maktaba za dunia ni vichache sana ukilinganisha na vya watu wa Ulaya. Penye vitabu elfu, kimoja kikiharibika, vingine vitakisahihisha. Penye vitabu vichache, kosa la kimoja laweza kuitwa tabia ya taifa zima.

Sasa narudi kwa mama wa Kwashemshi. Mama, uliuliza utajuaje. Hutaweza kujua kwa kuitazama karatasi ya majibu peke yake. Hata mtaalamu hawezi. Lakini waweza kuuliza, na kuuliza ni haki yako. Katika Tanzania utafiti wa afya huhitaji kibali cha kamati ya maadili, na sampuli ikipelekwa nje ya nchi huhitaji mapatano ya maandishi. Kabla hujaweka sahihi yako, ambayo sasa wajua kuiandika, usomewe karatasi ya ridhaa au uisome mwenyewe, kisha uulize mambo haya: Damu yangu itawekwa wapi, na kwa muda gani? Je, mtasoma na sampuli tupu pamoja nayo? Mkikuta kitu cha kutisha, mtachukua damu tena na kupima upya kabla ya kuniambia? Na mkigundua baadaye kwamba mlikosea, mtarudi kunieleza?

Mtafiti mwema hatakasirika akiulizwa hivyo. Maswali hayo ndiyo anayojiuliza mwenyewe kila siku kazini. Naye akikujibu, "Twangoja kupima tena," usidhani amekuficha. Huyo ndiye anayeipangusa mashine kabla ya kusaga.

Ndugu wasikilizaji, mlipoanza kisomo mlijifunza kuitambua herufi. Kisha mkajifunza kuunga herufi kuwa neno. Leo tumejifunza hatua nyingine: kuuliza herufi zilizo mbele yetu zimetoka kwa nani. Fanyeni hivyo kwa barua, kwa hati ya shamba, kwa gazeti, na kwa karatasi ya hospitali.

Saa yetu imekwisha. Mwalimu ataendelea nanyi kwa maneno na maswali yafuatayo. Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Vinasaba: maandishi ya mwilini yaliyorithiwa kwa wazazi, yenye herufi A, C, G na T.

Bakteria: kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho matupu. Wengine wana faida, wengine huleta ugonjwa.

Jenomu: kitabu kizima cha vinasaba vya kiumbe.

Maktaba ya vinasaba: mahali pa kutunzia vipande vya vinasaba, au maandishi yake yaliyokwisha somwa.

Mikoplasma: bakteria mdogo asiye na ukuta, anayeingia kwa siri katika chembe zinazofugwa.

Sampuli tupu: maji yasiyo na kitu cha mtu, yanayopimwa ili kuona taka za maabara yenyewe.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini hatuwezi kujua herufi moja ya vinasaba ni ya mtu au ya bakteria?

2. Taja njia tatu ambazo bakteria huingia katika vinasaba vya binadamu vinavyosomwa.

3. Kwa nini dawa ya penisilini haimwui mikoplasma?

4. Hesabu G na C katika mstari huu, kisha useme ni ngapi katika 20: T A G C A T C A T G A C T A A G C T A T

5. Damu ya mtoto imeota bakteria katika chupa. Ni hatari gani ya kusema upesi kwamba ni ugonjwa? Ni hatari gani ya kusema upesi kwamba ni taka?

6. Zungumzeni: Kama watu wa utafiti wangekuja kijijini kwenu kesho, mngewauliza maswali gani? Kila mmoja aandike swali moja katika daftari lake, asome mbele ya wenzake.